Daktari Aliyevua Magwanda: Maisha ya Ronald Ross

Ningependa niwasimulie maisha ya mtu ambaye jina lake tumelikariri sote katika somo la Biolojia. Tuliliandika katika mtihani, tukapata alama moja, kisha tukalisahau kama tunavyosahau majina ya mifupa. Mtu huyo ni Ronald Ross, yule aliyegundua kuwa mbu ndiye mbebaji wa malaria. Hayo mnayajua. Lakini je, mnajua kwamba alikuwa daktari wa jeshi? Na je, mnajua kilichompata alipotoka jeshini?

Nauliza kwa sababu hapa shuleni, ikifika siku ya kuzungumzia kazi, kila mtu hutaka kuwa rubani, wakili au daktari wa kupasua. Sijamsikia hata mmoja akisema anataka kuwa mtu wa kuziba madimbwi. Na huko vijijini kwetu, mwanajeshi akistaafu, watu humtarajia afungue duka la reja reja ama alinde lango la kampuni fulani. Ujuzi wake wote aliokuwa nao kambini hauulizwi. Basi habari za Bwana Ross zimenivutia kwa jambo hilo hasa, wala si kwa sababu ya mbu peke yake.

Ross alizaliwa tarehe 13 Mei, 1857, huko Almora, kaskazini mwa India. Siku tatu tu kabla ya kuzaliwa kwake, askari wa Kihindi walikuwa wameasi huko Meerut na nchi nzima ikawaka moto. Baba yake alikuwa afisa katika jeshi la Waingereza na baadaye akawa jenerali. Ronald ndiye aliyekuwa kifungua mimba katika jamii ya watoto kumi. Alipofika umri wa miaka minane, alipelekwa Uingereza kusoma, akalelewa na jamaa zake katika kisiwa cha Wight.

Sasa, kijana huyu hakutaka udaktari hata kidogo! Alipenda mashairi, muziki, uchoraji na hisabati. Lakini mzee wake alikwisha kata shauri kwamba mtoto atakuwa tabibu katika Idara ya Tiba ya India, ambayo ilikuwa idara ya kijeshi. Mnajua mambo ya wazazi. Mwaka wa 1874 Ronald akaingia katika Hospitali ya St Bartholomew mjini London, akasoma kwa kujikokota, huku akitunga tamthilia badala ya kujifunza majina ya dawa. Mtihani mmoja aliupita mwaka wa 1879, mwingine ukamshinda. Ilimbidi afanye kazi ya daktari wa meli iliyokuwa ikivuka bahari ya Atlantiki kwenda New York. Mwaka wa 1881 alijaribu tena, akafaulu, akaingia jeshini, akatumwa Madras.

Nawaomba tutulie kidogo hapa kwa sababu watu wengi hudhani daktari wa jeshi kazi yake ni kufunga vidonda vya risasi. Kumbe katika nchi za joto za karne ile, risasi iliua askari wachache kuliko kipindupindu, kuhara damu na homa. Kwa hiyo daktari wa kambi aliyejua kazi yake alitakiwa kutazama vyoo, visima, mitaro, mahali maji taka yalipomwagwa na umbali wa jikoni kutoka kwenye hema. Ni kazi isiyo na sifa. Askari akipona kwa dawa yako atakushukuru, lakini askari ambaye hakuugua kwa sababu ulimfukia dimbwi, yeye hajui hata kama upo.

Ross aliionja kazi hiyo mapema. Mwaka wa 1883 alikuwa Bangalore, akipewa nyumba iliyojaa mbu kupita kiasi. Alichunguza akaona pipa la maji nje ya dirisha lake, na ndani yake viluwiluwi wanachezacheza. Akalipindua pipa lile, na mbu wakapungua. Alifurahi sana, akamwendea afisa mwenzake kumshauri wafanye hivyo kote kambini, pamoja na kumwaga maji katika vyombo vya maua vya pale walipokuwa wakila. Yule afisa akakataa katakata. Yaani maua yakauke kwa sababu ya wadudu? Wakati huo hakuna aliyejua kwamba mbu na homa vina uhusiano, kwa hivyo tusimlaumu mno. Lakini ona, jambo lililokuja kuokoa watu wengi lilikwama kwanza kwenye chombo cha maua.

Kwa miaka kadhaa Ross aliishi maisha ya afisa wa kawaida. Alicheza gofu, akapanda farasi, akaandika riwaya, akajifundisha hisabati usiku kwa usiku. Alipopata likizo ya kurudi Uingereza mwaka wa 1888, alifanya jambo ambalo wenzake wachache walilijali: alisomea stashahada ya afya ya umma, kisha akajifunza elimu ya bakteria na kutumia hadubini. Mwaka wa 1889 alimwoa Bi. Rosa Bloxam, wakarudi India pamoja. Naiona likizo hiyo kuwa ndiyo iliyomgeuza. Aliondoka mtu anayeganga, akarudi mtu anayekinga.

Wakati huohuo kulikuwa na daktari mwingine wa jeshi, Mfaransa aitwaye Alphonse Laveran. Yeye ndiye aliyeona vimelea vya malaria katika damu ya askari huko Constantine, Algeria, mwaka wa 1880. Wengi hawakumwamini, na Ross mwenyewe mwanzoni hakuamini. Lakini mwaka wa 1894, akiwa likizoni tena London, alikutana na Daktari Patrick Manson, ambaye alimwonyesha vimelea hivyo kwa hadubini na kumweleza dhana yake kwamba huenda mbu ndiye anayevibeba. Manson aliwahi kufanya kazi China na alikuwa amegundua kwamba mbu hubeba minyoo ya matende. Ross alirudi India mwaka wa 1895 akiwa na jambo moja tu kichwani.

Alipangiwa Secunderabad. Jamani, kazi aliyoifanya huyu bwana! Alikamata mbu, akawalea, akawaacha wamuume mgonjwa wa malaria, kisha akawapasua mmoja mmoja chini ya hadubini akitafuta kitu ambacho hakujua kina umbo gani. Joto lilikuwa kali, lakini hakuthubutu kutumia pangaboi la kuvutwa kwa kamba, kwani upepo wake ungewapeperusha mbu waliopasuliwa. Skrubu za hadubini zilipata kutu kwa jasho la uso wake, na kioo cha kuchungulia kikapasuka. Mgonjwa aliyekubali kuumwa anatajwa kwa jina la Husein Khan, naye alilipwa anna moja kwa kila mbu. Anna kumi na sita ndizo zilizofanya rupia moja, rupia ambayo ilitumika hata hapa kwetu Kenya hadi mwaka wa 1920. Basi hesabuni wenyewe mjue bei ya damu ya Husein Khan.

Na katikati ya kazi hiyo jeshi lilimhamisha! Alipelekwa Bangalore kushughulikia kipindupindu na usafi wa mji, kazi aliyoifanya kwa bidii ingawa roho yake ilikuwa kwa mbu. Aliporudi Secunderabad mwaka wa 1897 alikuwa amekwisha pasua mamia ya mbu wa aina ya kijivu na wale wa mabawa ya kawaida, na hakuona kitu. Mwezi wa Agosti msaidizi wake mmoja akamletea mbu wa aina nyingine, wenye madoadoa kwenye mabawa. Tarehe 16 waliachwa wakamuuma Husein Khan. Wengine wakafa, wengine wakapasuliwa bure. Tarehe 20 Agosti, akiwa amechoka na macho yanamwuma, alipasua mmoja wa waliosalia, na katika ukuta wa tumbo la mbu yule akaona vijidude vya mviringo vyenye chembe nyeusi, chembe zilezile zinazopatikana katika vimelea vya malaria. Kesho yake akampasua mwingine, akakuta vimekua. Mbu wale ndio tunaowaita leo anofelesi.

Mngedhani angepewa maabara na nishani. La hasha! Baada ya mwezi mmoja hivi alipata amri ya kwenda Kherwara, huko Rajputana, mahali palipokuwa karibu hapana malaria kabisa. Jeshi ni amri, si mashauriano. Alilia, akaandika barua baada ya barua, na Manson naye akamsemea kwa wakubwa mjini London, hata mwanzoni mwa 1898 akapelekwa Calcutta kwa kazi maalumu ya utafiti. Kule nako palikuwa na taabu. Watu wa mji walikuwa na hofu kuu kwa sababu ya chanjo ya tauni, hivyo hawakutaka daktari yeyote awachome kidole. Ross akaamua kutumia ndege, kwani ndege pia wana malaria yao. Akisaidiwa na Mahomed Bux, hodari wa kukamata mbu, alifuata vimelea kutoka tumboni mwa mbu hadi katika tezi zake za mate. Mwezi wa Julai aliwaachia mbu hao wakawauma shomoro wazima, na shomoro wale wakaugua. Kitendawili kikateguliwa: mbu haachi malaria kwenye maji ya kunywa kama Manson alivyofikiri, bali anaidunga anapouma.

Baada ya hapo alitumwa Assam kuchunguza ugonjwa mwingine, kalazaa, hali yeye alitamani kuanza kupambana na mbu mara moja. Ndipo alipochoka. Mapema mwaka wa 1899, akiwa na umri wa miaka 41, mke na watoto wadogo, alijiuzulu jeshini.

Hebu fikirini uzito wa hatua hiyo. Jeshini alikuwa na cheo, nyumba, watumishi na mshahara usiochelewa. Huko nje alikuwa nani? Si mpasuaji, si daktari mwenye wateja matajiri. Miaka kumi na minane alikuwa nje ya nchi, na wenzake aliosoma nao walikuwa wamekwisha jenga majina yao na vyumba vyao vya kuwaonea wagonjwa. Ujuzi wake mkuu ulikuwa kumpasua mbu na kuisafisha kambi. Nani angeununua ujuzi huo?

Alipata kazi Liverpool. Mji huo wa bandari ulikuwa umetajirika kwa biashara ya Afrika Magharibi, na mabaharia na wafanyabiashara walikuwa wakirudi na homa au wasirudi kabisa. Mwenye meli mmoja, Alfred Jones, alitoa pauni 350 ili shule ya magonjwa ya nchi za joto ianzishwe, nayo ikafunguliwa 1899. Ross akawa mhadhiri wake wa kwanza kwa mshahara wa pauni 250 kwa mwaka. Ulikuwa mshahara mdogo kwa mtu kama yeye, na hakuacha kuulalamikia.

Lakini alipata kitu ambacho jeshi halikumpa, nacho ni uhuru wa kuchagua vita vyake. Mwaka huohuo alisafiri hadi Freetown, Sierra Leone, akathibitisha kwamba anofelesi wa Afrika nao wanabeba malaria ya binadamu, tena wanazaliana katika vidimbwi vya barabarani ambavyo kila mtu alivipita bila kuviangalia. Mwaka wa 1901 alirudi na kuunda vikosi vya mbu. Sikilizeni neno hilo: vikosi! Alikwisha vua magwanda lakini mawazo ya kambi hayakumtoka. Kikosi kimoja kiliokota makopo na chupa tupu majumbani, mikokoteni ikazibeba. Kingine kilifukia madimbwi kwa udongo au kuyamwagia mafuta ya taa ili viluwiluwi wakose hewa. Ni kazi ambayo hata sisi tungeifanya Jumamosi moja, tukiacha uvivu.

Ushindi wake mkubwa ulikuwa Ismailia, huko Misri. Mji ule ulikuwa wa Kampuni ya Mfereji wa Suez, na tangu maji matamu ya mto Nile yalipoletwa kwa mfereji mdogo, malaria ilikuwa imewachachafya wakazi. Mwaka wa 1902 kampuni ilimwita Ross. Alitazama, akaonyesha mahali pa kufukia, pa kutoboa mtaro na pa kumwaga mafuta. Kabla ya hapo wagonjwa kwa mwaka walizidi 1,500. Kufikia 1905 walikuwa hawafiki 100. Kampuni ilikuwa na pesa, eneo lilikuwa dogo, na wakubwa walikuwa na nia. Mambo hayo matatu yakikutana, mbu hana la kufanya.

Mwaka huo wa 1902 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, Mwingereza wa kwanza kuipata. Hapo tena akaanza ugomvi na Waitalia, hasa Giovanni Battista Grassi, ambaye pamoja na wenzake walikuwa wameonyesha mwishoni mwa 1898 jinsi malaria ya binadamu inavyokua ndani ya anofelesi. Grassi aliona anastahili sehemu ya sifa. Ross aliona Grassi ni mwizi. Walitukanana katika magazeti ya sayansi kwa miaka na mikaka. Kwa maoni yangu Ross alitangulia, lakini kazi ya Waitalia ilikuwa ya kweli pia, na kumwita mwenzio mwizi hakukumwongezea kitu. Baadaye aligombana hata na Manson, yule yule aliyemshika mkono. Alikuwa mtu mgumu, tusifiche. Na katika mabishano yote hayo, Husein Khan na Mahomed Bux hawakugombea chochote wala hawakuambulia chochote.

Si kila mahali alishinda. Huko Mian Mir, kambi ya jeshi karibu na Lahore, madaktari wa India walijaribu kuwaondoa mbu kuanzia mwaka wa 1902, wakatangaza kwamba njia ya Ross haifai. Ross alikasirika, akisema eneo lililosafishwa lilikuwa dogo mno na pesa zilikuwa kidogo mno, kwa hiyo mbu waliingia tu kutoka pembeni. Ubishi huo ndio uliomfanya arudie mapenzi yake ya ujanani, yaani hisabati. Alipotumwa kisiwa cha Morisi mwishoni mwa 1907, mahali ambapo malaria ilikuwa imeua maelfu katika miaka ya 1866 na 1867, alikaa miezi mitatu akihesabu watoto wenye wengu lililovimba na kuandika milinganyo. Milinganyo yake ilionyesha jambo la ajabu: si lazima uue mbu wote. Ukiwapunguza hadi chini ya kiwango fulani kwa kila mtu, malaria itafifia yenyewe hata kama mbu wachache wamebaki. Wakati huo madaktari wengi hawakuelewa afanyalo. Siku hizi wataalamu wa kupiga hesabu za maradhi ya kuambukiza humtaja kama mmoja wa waasisi wao. Nyinyi mnaouliza hisabati itawasaidia nini maishani, jibu ndilo hilo.

Mwaka wa 1911 alipata cheo cha Sir. Mwaka uliofuata aliondoka Liverpool, akahamia London kuwa tabibu wa magonjwa ya nchi za joto katika Hospitali ya King's College, akijaribu hatimaye kupata wateja wa kumlipa. Hawakuwa wengi. Alimwandikia hata waziri wa fedha akitaka serikali imfidie, akikumbusha kwamba Edward Jenner, mwenye chanjo ya ndui, alipewa na Bunge jumla ya pauni 30,000. Akakataliwa. Wapo waliomcheka kwamba ana tamaa. Mimi simcheki. Mpasuaji hulipwa kwa kila tumbo analolifungua, lakini aliyezuia matumbo elfu yasifunguliwe ampelekee nani bili? Swali lile lilikuwa la haki hata kama mwulizaji alikuwa na kelele nyingi. Mwenzake Laveran alikuwa na bahati kuliko yeye: alipotoka jeshini mwaka wa 1896 alipokelewa katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, na alipopata Nobel mwaka wa 1907 alitoa nusu ya zawadi yake kujengea maabara.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, magwanda yalimrudia Ross. Vilianza kwa msiba: mwanawe, Ronald Campbell, aliuawa huko Le Cateau, Ufaransa, mwezi wa Agosti 1914, vita vikiwa bado havijamaliza mwezi. Baba alivaa cheo cha luteni kanali, akaenda Alexandria kuchunguza kuhara damu miongoni mwa askari, kisha akawa mshauri wa Wizara ya Vita kuhusu malaria. Mwishoni mwa 1917, akiwa njiani kwenda Salonika ambako jeshi lilikuwa limelazwa na homa, meli yake ilishambuliwa kwa kombora la chini ya maji. Alikuwa na umri wa miaka 60. Aliokoka, akaendelea na safari.

Mwaka wa 1926 marafiki zake walimfungulia taasisi na hospitali yenye jina lake huko Putney Heath, London, naye akawa mkurugenzi. Watu wake walikwenda kuwashauri wenye mashamba ya chai na migodi jinsi ya kuwakinga wafanyakazi wao, kazi ileile ya pipa la Bangalore. Lakini fedha zilimwia ngumu mpaka mwisho. Mwaka wa 1928 alitangaza kuuza barua na karatasi zake zote, ili apate cha kumwachia mkewe. Bibi mmoja tajiri, Lady Houston, alizinunua kwa pauni 2,000. Bi. Rosa hakuzifaidi sana pesa hizo, maana alitangulia kufariki mwaka wa 1931.

Ross alifariki tarehe 16 Septemba, 1932, katika taasisi yake mwenyewe, akazikwa Putney Vale kando ya mkewe. Taasisi yenyewe iliunganishwa mwaka wa 1934 na chuo cha London cha afya na magonjwa ya nchi za joto. Karatasi zile zilizouzwa bado zimehifadhiwa London na Glasgow, na ndani yake zimo barua zake za kulalamikia mshahara.